Mungu Anyamazapo

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango kimoja katika milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, kwa muda wa miaka 31. Hakuwa padri, wala hakuwa msomi. Alikuwa mkulima wa kahawa na maharage. Padri alifika kigangoni mara chache kwa mwaka. Jumapili nyingine zote baba alisimama mbele ya watu akawasomea Injili kwa Kiswahili, kisha akawafafanulia kwa Kimatengo. Lugha hizo mbili ziliishi kinywani mwake kama ndugu wawili katika nyumba moja: mmoja hupokea wageni barazani, mwingine hukaa jikoni pamoja na wenyewe.

Usiku mmoja, katika ugonjwa wake wa mwisho, aliniita kitandani pake akaniambia, "Mwanangu, niombee." Alisema maneno hayo kwa Kimatengo. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kupata shahada ya udaktari katika fasihi ya Kiswahili, na nilikuwa mhadhiri wa miaka kadha wa kadha. Nikapiga magoti nikasali kwa Kiswahili. Sala yangu ilikuwa fasaha. Ilikuwa na mwanzo, na kati, na mwisho, na hapana mtahini ambaye angeweza kuitia kosa. Nilipomaliza, baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Umesoma vizuri."

Hakusema hivyo kwa kunidhihaki. Maisha yake yote aliheshimu kusoma, na nadhani alitaka kunishukuru. Walakini neno lile lilinichoma. Mzee alikuwa ameomba aombewe, naye akasomewa. Siku ya tatu alifariki. Insha hii ni jaribio langu la kulijibu neno lake, nalo ni jibu lililochelewa.

Baada ya mazishi nilirudi chuoni, nikawa sina raha ya kazi. Nilikuwa nikiandaa mihadhara juu ya ushairi wa dini, na katika kutafuta mifano ya kulinganisha nilichukua maktabani kitabu cha mashairi cha R. S. Thomas, padri wa Kianglikana wa nchi ya Welisi, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 2000. Rafiki mmoja aliponiona na kitabu hicho aliniuliza mwalimu wa Kiswahili ana shughuli gani na Wawelisi. Swali lake lilikuwa la haki, na sina budi kulijibu kabla msomaji naye hajaniuliza.

Welisi ni nchi ndogo ya milima na mvua, magharibi ya Uingereza. Wenyeji wake wana lugha yao, Kiwelisi, iliyosemwa katika kisiwa kile kabla Kiingereza hakijafika. Mwaka 1588 Askofu William Morgan alitoa Biblia nzima katika lugha hiyo, na tangu hapo majaliwa ya lugha na majaliwa ya dini yakafungwa pamoja. Shule zilipofundisha kwa Kiingereza, na mahakama zilipohukumu kwa Kiingereza, Kiwelisi kilibaki na heshima yake makanisani. Huko kilisomwa, kikaimbwa, kikahubiriwa. Katika karne ya 20 makanisa yakaanza kuwa matupu, na watoto wengi wakakua bila lugha ya babu zao. Kwa hiyo mshairi wa Welisi wa zama hizi alipotaka kusema na Mungu alikabiliwa na maswali mawili kwa pamoja. La kwanza, je, Mungu yupo anisikie? La pili, niseme naye kwa lugha ipi?

Mtu aliyekulia Ruvuma hana haja ya kufasiriwa swali la pili. Wamisionari Wabenediktini walijenga Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na kutoka huko dini ilipanda milimani kwetu pamoja na shule. Katika pwani ya Ziwa Nyasa Waanglikana walifanya kazi tangu miaka ya 1880, na mmoja wao, William Percival Johnson, akaitafsiri Biblia katika Kinyanja. Lakini kwetu milimani, Kilatini kilipoondoka, Kiswahili ndicho kilichokalia kiti chake. Sisemi haya kwa kulalamika. Kiswahili kimenilisha, kimenivika, kimenipa jina mbele ya watu. Nasema tu kwamba mtoto wa Kimatengo wa rika langu alijifunza kumcha Mungu kwa lugha ya mama yake, akajifunza kumwomba kwa lugha ya shule. Kati ya kucha na kuomba pakabaki ufa, nami nilianguka ndani yake usiku ule.

Thomas aliujua ufa huo. Alikulia katika nyumba iliyosema Kiingereza, akajifunza Kiwelisi akiwa mtu mzima na padri. Alikijua vema hata akaandika kwacho habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1985, ambacho jina lake, Neb, maana yake ni mtu asiye yeyote. Walakini mashairi yalikataa kumjia kwa Kiwelisi. Yalimjia kwa Kiingereza tu, lugha ambayo aliihesabu kuwa ya watu walioitawala nchi yake, naye alilisikitikia jambo hilo hata uzee wake. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimemkuta mwenzangu mahali nisipomtarajia.

Kuanzia mwaka 1942 hata 1954 Thomas alihudumia parokia ya Manafon, kijiji cha wakulima wa milimani. Huko ndiko alikombuni mtu mmoja wa shairi, Iago Prytherch, mkulima maskini mwenye matope miguuni, apaliliaye shamba katika upepo. Padri anamtazama mkulima huyo kwa huruma, mara kwa karaha, mara kwa wivu. Anajiuliza kama kuna kitu chochote nyuma ya uso ule mkimya. Mashairi hayo ni ya kweli na yana uchungu wake. Lakini hapo sikubaliani na mwandishi kabisa, kwa sababu mimi sikumwona mkulima kutoka dirisha la nyumba ya padri. Nilizaliwa naye nyumba moja.

Wasiofika Mbinga hawana budi kuelezwa jinsi Wamatengo walimavyo. Milima yetu ni mikali, na mvua yake ni nyingi. Udongo ukilimwa ovyo huteremka wote mtoni kwa masika mawili matatu. Wazee wetu, waliojibana katika milima hiyo wakikimbia vita vya karne ya 19, walibuni kilimo cha ngoro. Majani hufyekwa yakaachwa yakauke, kisha hupangwa juu ya mteremko kwa mistari ya mraba, mithili ya nyavu iliyotandazwa. Halafu udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika majani yale. Mazao hupandwa juu ya matuta, maharage kwanza na mahindi baadaye. Katikati hubaki shimo. Desturi ni kwamba wanaume hufyeka na kupanga, na wanawake huchimba. Mama yangu amechimba mashimo hayo tangu usichana wake. Mgeni akiusimamia mlima uliolimwa hivyo huona maelfu ya mashimo matupu, akadhani kazi haijakwisha. Kumbe mashimo ndiyo kazi yenyewe. Maji ya mvua hutua humo yakazama polepole. Udongo utakao kukimbia hukamatwa humo. Magugu hutupwa humo yakaoza yakawa mbolea. Mtu anayelima hivyo hana uso mtupu. Anajua jambo ambalo padri wa Manafon alilitafuta kwa miaka mingi.

Kwa haki ya Thomas lazima niseme kwamba mwishowe alilipata. Mashairi yake ya baadaye, hasa yale ya kitabu chake cha mwaka 1972 na vile vilivyofuata, yalimwacha mkulima yakamgeukia Mungu mwenyewe, na Mungu huyo hasemi. Padri anabaki kanisani peke yake baada ya watu kutoka. Anasikiliza. Hapana sauti, hapana nuru, hapana ishara. Mahali pa Mungu ni kama nafasi iliyoachwa wazi na mtu aliyeondoka sasa hivi. Na ajabu ni kwamba padri haondoki. Mwaka 1967 alihamia Aberdaron, mwisho wa rasi, ambako kanisa limesimama kando kabisa ya bahari, akahudumu hapo hata mwaka 1978. Kila Jumapili alipanda mimbari akawapa watu sakramenti za Mungu huyo asiyesema. Wako waliosema kwamba amepoteza imani. Mimi nadhani wamekosea. Aliyepoteza imani huenda zake. Hana cha kungojea.

Wawelisi wengine walijibu ukimya huo kwa njia nyingine, nao ni vema tuwataje, tusije tukadhani kwamba taifa zima lilisali kwa namna moja. Gwenallt, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1968, alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Mwaka 1927 baba yake aliuawa kiwandani kwa chuma kilichoyeyuka. Mhubiri aliposema mazishini kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, kijana alimlaani moyoni mwake. Alikuwa amekwisha kuiacha dini ya utotoni akafuata siasa ya Marx. Baada ya miaka mingi alirudi katika Ukristo, lakini alirudi na ghadhabu yake, hakuitupa njiani. Katika mashairi yake wafu wa viwandani wanataka haki yao mbele ya Mungu. Waldo Williams naye, aliyeishi kuanzia mwaka 1904 hata 1971, alifiwa na mkewe mwaka 1943 baada ya ndoa ya muda mfupi. Kitabu chake cha mashairi, Dail Pren, yaani Majani ya Mti, kilitoka mwaka 1956. Alijiunga na Wakweka, watu ambao ibada yao ni kukaa kimya pamoja, na kwa kuchukizwa na vita vya Korea alikataa kulipa kodi ya mapato, akafungwa gerezani mwaka 1960 na tena mwaka 1961. Gwenallt aliushitaki ukimya wa Mungu. Waldo aliingia ndani yake akauona kuwa nyumba. Thomas alisimama mlangoni akibisha. Wote watatu hawakuukana.

Nilipowasoma hawa niliiangalia upya fasihi yangu mwenyewe. Katika ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20 tunayo hazina kubwa ya imani. Mathias Mnyampala alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu, uliotoka mwaka 1963, na Utenzi wa Zaburi, uliotoka mwaka 1965. Akaonyesha kwamba bahari ya utenzi, iliyolelewa na Waislamu wa pwani, yaweza kuwabeba pia Wakristo wa bara. Upande wa pili yuko Euphrase Kezilahabi, aliyepita seminarini katika ujana wake. Katika Kichomi, kitabu cha mwaka 1974, alizivunja kanuni za vina na mizani, na pamoja nazo akazitikisa faraja nyingi tulizozizoea. Mmoja hutupa yakini, mwingine hutupa shaka. Nimewafundisha wote wawili kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi wangu hugawanyika makundi mawili, kila kundi likamshika wake. Mimi nami niliwaacha wagawanyike, kwa maana mgawanyiko huo hurahisisha maswali ya mtihani.

Sasa naona kwamba niliwadhulumu. Kati ya yakini na shaka kuna hali ya tatu, nayo si mchanganyiko wa hizo mbili. Ni hali ya mtu angojaye. Wala si ngeni katika lugha yetu. Mtungaji wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipoziangalia nyumba za Pate zilivyobomoka, hakumhubiri jirani yake; aliuuliza moyo wake mwenyewe, akauuliza tena, wala hakuharakisha kuufariji. Hiyo ndiyo sauti niliyoikosa usiku ule. Mimi nilimpa baba yangu sala iliyokwisha kujibiwa. Yeye alikuwa katika giza, akataka mtu wa kukaa naye gizani.

Lakini haya yote yalikuwa bado ni maarifa ya kitabuni. Aliyeniondolea kitabu ni mama. Yeye hakuzaliwa milimani. Ni mtu wa pwani ya Ziwa Nyasa, karibu na Liuli, na alilelewa katika Kanisa la Kianglikana kabla hajaolewa na katekista wa Kikatoliki. Matanga yalipokwisha aliomba nimpeleke kwa ndugu zake. Tuliteremka kutoka Mbinga hata Mbamba Bay, tukaiacha baridi ya migomba na mibuni, tukaingia katika joto la mihogo na miembe, kisha tukafuata pwani kuelekea kaskazini. Ziwa lilikuwa limetulia, na usipa walikuwa wameanikwa mchangani waking'aa kama vipande vya bati.

Jioni tulikaa ufukoni, mama akaanza kunisimulia habari za ndugu yake mkubwa. Alikwenda kuvua usiku, upepo wa mwera ukavuma kutoka kusini, na asubuhi mtumbwi wake haukuonekana. Haukuonekana siku ile wala siku nyingine yoyote. Bibi yangu aliteremka ufukoni kila jioni kwa muda wa mwaka mzima, akakaa juu ya jiwe hata giza likaingia, kisha akarudi nyumbani kupika.

Nikamwuliza, "Alikuwa akiomba, mama?"

Akasema, "Alikuwa akingoja."

"Alisema nini huko?"

Mama akanitazama kama mtu amtazamaye mtoto aliyeuliza jambo la wazi. "Aseme nini, mwanangu? Kwani Mungu hakuuona upepo?"

Sikuwa na neno la kumjibu. Nilikuwa nimesafiri hata Welisi, kwa njia ya vitabu, kutafuta jambo ambalo bibi yangu alilifanya kila jioni bila kuliita jina. Alikuwa hadanganyiki. Alijua kina cha ziwa na nguvu ya mwera kuliko mimi. Hakuenda ufukoni kwa sababu alitazamia kumwona mwanawe akirudi na samaki. Alikwenda kwa sababu nafasi ya mwanawe ilikuwa pale, na mama hawezi kuiacha nafasi hiyo bila mtu.

Kesho yake nilikwenda Liuli peke yangu. Hapo ndipo alipofariki Johnson mwaka 1928, baada ya kuzunguka pwani za ziwa karibu miaka 50, huku macho yake yakiwa yameharibika. Kaburi lake liko pale, na watu hulizuru. Wengi humkumbuka kwa shule na makanisa. Mimi nilimfikiria mtu asiyeona vema akitafuta katika Kinyanja neno moja baada ya jingine la kumwitia Mungu, asijue kama neno alilolichagua litashika. Hiyo nayo ni namna ya kuchimba ngoro.

Naam, nimekwisha kulisema, na sasa nilieleze. Nimefikiri sana juu ya mashimo ya mama yangu. Mahubiri mengi niliyoyasikia, na mashairi mengi ya dini niliyoyasoma, yanataka kufukia kila shimo. Mtu akifiwa, lifukiwe upesi kwa aya. Mtu akiwa na shaka, lifukiwe kwa hoja. Na wale wakataao dini hufanya vivyo hivyo kwa upande wao. Hulifukia shimo kwa kusema kwamba halina maana. Lakini shamba la mlimani lililosawazishwa halidumu. Mvua kubwa ikija huondoka nalo. Shairi la imani lidumulo ni lile lenye mahali palipoachwa wazi, ambapo machozi yaweza kutua yakazama polepole, na hata magugu ya hasira yakatupwa humo yakaoza yakawa na faida. Thomas aliliacha wazi, na Gwenallt, na Waldo. Kezilahabi, nikimsoma leo, naona kwamba naye mara nyingine alichimba zaidi ya alivyobomoa. Na zaburi ambazo Mnyampala alizitia katika utenzi zimejaa watu wanaomwuliza Mungu atanyamaza hata lini. Mimi ndimi niliyewasoma kwa haraka.

Kwa ajili hiyo nawaomba wanafunzi wetu jambo moja dogo. Mkichambua shairi la dini, msiulize kwanza kama mtunzi anaamini au haamini. Ulizeni ni nini anachokingoja, na anakingoja kwa lugha ya nani. Na mrudipo makwenu wakati wa likizo, sikilizeni jinsi wazee wenu waombavyo wasipojua kwamba wanasikilizwa. Kiswahili kitatajirika sana siku kitakapojifunza kutoka jikoni.

Kabla sijarudi chuoni nilipanda tena milimani, nikaenda kaburini kwa baba wakati wa machweo. Sikubeba kitabu. Nilitaka kusema naye, na kusema na Mungu, kwa Kimatengo, nikaona kwamba maneno niliyonayo katika lugha hiyo ni ya mtoto: ya njaa, ya baridi, ya kuita mtu aliye mbali. Nikasema hayo machache. Kisha nikanyamaza, nikakaa pale hata giza likaingia, na chini yangu mashimo ya ngoro yalikuwa yamejaa maji ya mvua ya mchana. Sijui kama ilikuwa sala. Najua kwamba sikusoma.